Mkono wa Nahodha Prescott

Hata dakika 5 zilikuwa hazijatimia. Alan Prescott, nahodha wa timu ya raga ya ligi ya Uingereza, aliinuka baada ya kukabana na mpinzani, mkono wake wa kulia ukining'inia. Umevunjika. Ilikuwa Julai 5, 1958, mjini Brisbane, Australia.

Kwa nini hakutoka? Enzi hizo hapakuwa na mchezaji wa akiba. Timu ilikuwa watu 13, na aliyetoka aliacha pengo. Uingereza ilikuwa imeshachapwa 25–8 mjini Sydney; kipigo kingine kingekuwa kwaheri ya Ashes, taji lililowaniwa na nchi hizo mbili katika mechi tatu. Kisha mwenzake Dave Bolton naye akavunjika mtulinga, akatolewa. Wakabaki 12, mmoja wao wa mkono mmoja.

Baada ya mapumziko Prescott alirudi. Alitoa pasi kwa mkono wa kushoto na kuziba njia kwa kiwiliwili chake kipana. Vince Karalius, fowadi aliyekuwa na maumivu ya mgongo, akasogezwa nyuma kucheza pembeni ya kijana wa miaka 19, Alex Murphy. Uingereza ikashinda 25–18.

Mchezo huo mmoja umemeza maisha yake yote ya uwanjani. Mzaliwa huyu wa Widnes, mwaka 1927, alianza Halifax akiwa winga, mtu wa mbio. Alihamia St Helens 1949, na huko mwili mzito ukampeleka mstari wa mbele wa skramu, kwa wabeba mizigo. Mwaka 1956, katika fainali ya kombe uwanjani Wembley, alifunga trai St Helens ilipoilaza Halifax, klabu yake ya zamani, 13–2, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Aliichezea Uingereza mechi 28.

Raga ya ligi ilizaliwa Huddersfield mwaka 1895, klabu za kaskazini zilipodai wachezaji wafidiwe ujira wanaoupoteza kazini. Ajabu ni kwamba mchezo uliojua thamani ya siku moja ya kibarua ulichukua muda mrefu hivyo kujua thamani ya mfupa: wachezaji wa akiba kwa majeruhi waliruhusiwa Uingereza 1964.

Tumsifu Prescott, anastahili. Ila pambano la tatu, Sydney, hakucheza. Wenzake walishinda 40–17 na kubeba Ashes, nahodha wao akitazama kutoka nje, mahali alipopaswa kuwa tangu dakika zile za mwanzo kule Brisbane.