Mkono wapasuliwa nawe u macho!

Tuseme umeanguka kutoka kwenye bodaboda na mfupa wa mkono ukavunjika. Daktari anakuambia kwamba sharti upasuliwe ili mfupa uungwe kwa chuma. Papo hapo wajiuliza: “Nikipewa nusukaputi, je, nitaamka?”

Hofu hiyo ni ya wengi. Lakini je, wajua kwamba mara nyingi si lazima ulazwe usingizi? Mkono peke yake waweza kutiwa ganzi, nawe ukawa macho ukizungumza.

Mishipa ya fahamu inayohudumia mkono huanzia shingoni kwa mizizi mitano itokayo kwenye uti wa mgongo. Hupita nyuma ya mtulinga na kwapani, kisha hugawanyika hadi vidoleni. Dawa ikidungwa kando ya mishipa hiyo, habari za maumivu haziufikii ubongo.

Jambo hili si geni. Mnamo 1911 madaktari wawili wa Ujerumani, Hirschel na Kulenkampff, walieleza jinsi ya kuifikia mishipa hiyo kwa sindano tu. Taabu ni kwamba daktari alipapasa kwa kidole, kisha akakisia. Karibu na mtulinga, sindano ikipotea yaweza kutoboa pafu. Dawa nayo ikiingia ndani ya mshipa wa damu, yaweza kuleta kifafa au hata kuusimamisha moyo.

Hapo ndipo ultrasaundi, mashine ile ile inayomtazama mtoto tumboni, ilipoleta nafuu. Mwaka wa 1994, Kapral na wenzake wa Vienna, Austria, walionyesha jinsi ya kuiongoza sindano kwa mashine hiyo. Hutumia mawimbi ya sauti, wala haina miale kama ya eksirei. Kwenye kioo, daktari huona mshipa wa damu ukipwita, mishipa ya fahamu ikiwa kama kishada cha zabibu, sindano ikisogea na dawa ikienea. Hivyo dawa kidogo hutosha, na makosa hupungua.

Hata hivyo, mashine haidungi yenyewe. Mkono wa mtaalamu ndio muhimu, na hatari haziishi kabisa.

Kabla ya kudungwa, mweleze daktari kama una ugonjwa wa mapafu, kama kuna dawa inayokudhuru, au kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda. Sindano ya shingoni yaweza kupunguza nguvu za kupumua kwa saa kadhaa. Unapodungwa, ukisikia maumivu makali yakishuka mkononi, masikio yakivuma au midomo ikifa ganzi, sema mara moja. Usijikaze!

Ukirudi nyumbani, mkono waweza kuwa mzito kama gogo kwa saa nyingi. Ufunge kwa kitambaa shingoni na usikaribie jiko wala sufuria ya moto, kwani utaungua bila kujua. Meza dawa za maumivu jinsi ulivyoagizwa, kabla ganzi haijaisha. Ukishindwa kupumua vizuri, kifua kikiuma, au ganzi ikizidi muda ulioambiwa, rudi hospitali bila kukawia.

Basi, siku ukiambiwa utapasuliwa mkono, muulize daktari: “Je, naweza kutiwa ganzi mkono tu? Mnayo ultrasaundi?” Kuuliza si ujinga.