Kigali Haiulizwi Saa

Sakinisha Debian, mojawapo ya mifumo mikongwe ya Linux, kwenye kompyuta iliyoko Kigali. Ukishataja nchi ya Rwanda, programu ya kusakinisha haikuulizi habari za saa. Itajipangia yenyewe. Vuka mpaka uingie Goma, utaje Kongo, nayo itakuuliza: saa za Kinshasa au za Lubumbashi? Rwanda ina ukanda mmoja wa saa, Kongo ina mbili. Programu inauliza tu pale ambapo haiwezi kujua jibu.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kila kifurushi cha programu kilikuwa na maswali yake, na kilimuuliza mtu wakati wowote kilipofikiwa. Fundi hakuweza kuondoka mbele ya kioo. Mwaka 1999 Joey Hess, mmoja wa watengenezaji wa Debian, akaanza kuandika programu iitwayo debconf. Tangu hapo kifurushi hakimuulizi mtu moja kwa moja, bali huikabidhi debconf swali pamoja na uzito wake: wa chini, wa kati, wa juu au wa lazima. Swali la lazima ni lile ambalo ukilikisia utaharibu kazi. Mwenye kompyuta huchagua aulizwe kuanzia uzito gani, na yaliyo chini ya hapo hujazwa jibu lililopendekezwa. Majibu huwekwa akiba, asije akaulizwa yale yale siku ya kuboresha mfumo.

Faida yake inaonekana zaidi kazi inapokuwa kubwa. Mtu anayetayarisha kompyuta 40 za maabara ya shule kule Nyarugenge, Kigali, anaweza kuandika majibu yote katika faili moja, nywila ikiwa imefichwa kwa usimbaji, kisha mashine zote zikajisakinisha bila kuuliza neno. Kwangu mimi huo ni ufundi wa hali ya juu: kujua la kuuliza, na kujua la kunyamazia.

Lakini kuna swali moja ambalo Mnyarwanda huulizwa bila sababu. Akichagua Kifaransa kisha Rwanda, huambiwa kwamba lugha hiyo na nchi hiyo hazina mpangilio wa pamoja, kisha hutakiwa kuchagua nchi nyingine: Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, Luxembourg au Kanada. Kwa Kiingereza pia ni hivyo hivyo, ilhali Zambia, Zimbabwe na Botswana zimo katika orodha yake. Kosa si la debconf. Maktaba ya glibc, inayotunza mipangilio hiyo, inaitambua Rwanda kwa Kinyarwanda peke yake. Hata Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kimeandikiwa Kenya na Tanzania tu.

Mpangilio wenyewe ni faili fupi la maandishi: tarehe zinavyoandikwa, alama ya faranga, majina ya siku na miezi. Mwanafunzi wa kompyuta uliye Kigali, liandike, ulipime kwenye mashine yako, kisha uwatumie watunzaji wa glibc.