Uzito wa Sikukuu Hauko Kwenye Sahani ya Noeli

Desemba inapokaribia kwisha, wapo watu hapa Goma, mtaani Mapendo kama walivyo Himbi, Katindo na Birere, wanaoingia sikukuu kwa hofu. Wamekaa miezi wakijipunguza uzito, wengine kwa sababu muuguzi aliwaambia presha imepanda, wengine kwa sababu magoti yanauma, na sasa wana Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, mbele yao. Ushauri wanaopewa ni ule ule: kataa, onja tu, kunywa maji mengi kabla hujaenda, kaa mbali na sufuria. Unatolewa kwa nia njema, lakini umekosa shabaha. Chakula kikuu cha sikukuu, kile kinacholiwa mara moja na ukoo mzima, sicho kinachorudisha kilo zilizokwisha kupungua. Zinarudishwa na vinywaji vinavyokizunguka, na siku zinazokifuata, na zaidi ya yote na ile kauli ya moyoni kwamba mambo yameshaharibika. Anayepigana na sahani ya Noeli anajigombanisha na shangazi zake bure.

Hebu tuitazame hiyo sahani. Sombe, yaani majani ya muhogo, imetwangwa tangu jana, ikachemshwa kwa muda mrefu mpaka ukali wake ukaisha, ndipo ikatiwa mawese na karanga. Sambaza zimekaangwa zikakauka hata miba haisikiki. Nyama ya mbuzi iko kwenye mchuzi wa nyanya, viazi vimeshuka kutoka Masisi, wali umepikwa kwa ajili ya watoto, na bugali umesongwa kwa ajili ya wazee ambao bila bugali hawahesabu kwamba wamekula. Mara nyingi chakula hiki hutoka saa tisa au saa kumi alasiri, na anayepakua ni mama mwenye nyumba au mama mkubwa, naye upendo wake huuonyesha kwa mwiko. Ukiacha mafuta mengi, sahani hiyo haina cha kutisha. Ina majani, samaki, nyama na wanga. Sambaza peke yake, samaki aliyeletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, ni proteini ya bei nafuu, na proteini ndiyo hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga au mafuta. Karamu ya namna hii si adui wa mtu anayepunguza uzito. Ni chakula bora kuliko wanachokula wengi wetu siku za kazi, yaani mandazi asubuhi na chai yenye vijiko vinne vya sukari.

Hesabu yenyewe inalitetea jambo hili. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta, unahitaji kupokea takriban kalori 7,700 zaidi ya zile unazotumia. Mtu mzima wa kazi za kawaida hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hata akila siku ya Noeli chakula cha siku mbili, ziada yake haipiti theluthi moja ya kilo. Hata hivyo, akipanda mizani asubuhi ya tarehe 26 anaweza kukuta kilo mbili zimeongezeka, na hapo ndipo moyo hukatika. Sehemu kubwa ya kilo hizo si mafuta. Chumvi ya samaki wa makayabo na ya vidonge vya kiungo huzuia maji mwilini. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa pamoja na maji, kiasi cha gramu tatu za maji kwa kila gramu moja ya wanga. Na sehemu ya chakula chenyewe bado iko tumboni. Mtu akirudia ulaji wake wa kawaida, uzito huo huondoka wenyewe baada ya siku chache. Asiyelijua hili husoma mizani kama hukumu, naye huacha safari nzima.

Wanasayansi wamelipima jambo hili. Mwaka 2000 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 195 nchini Marekani. Tangu katikati ya Novemba hadi Januari waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37 tu, chini ya nusu kilo, ingawa wao wenyewe walidhani wameongezeka mara kadhaa ya hapo. Habari mbaya ni kwamba kile kidogo hakikuondoka katika miezi iliyofuata. Haba na haba hujaza kibaba: mwaka hadi mwaka, nusu kilo isiyoondoka inakuwa kilo tano kabla mtu hajagundua. Atakayesema kwamba hayo ni ya Wamarekani na bata mzinga wao ana haki ya kuuliza, ila utafiti mwingine, wa mwaka 2016, ulitazama mizani za watu karibu 3,000 Marekani, Ujerumani na Japani. Wajapani nao waliongezeka wakati wa Noeli na Mwaka Mpya, lakini uzito wao ulipanda pia mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, zinapofuatana sikukuu zao. Mwili hufuata kalenda ya karamu za mahali. Kwetu kalenda hiyo ina Noeli, Bonane, Idi, harusi na matanga.

Sasa nije kwenye kiini. Mwaka 1975 watafiti wawili, Herman na Mack, waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike wa chuo kikuu maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawaacha wote wale aiskrimu kadiri walivyotaka. Wasiokuwa wakijinyima walikula aiskrimu pungufu baada ya maziwa kwa kuwa walishashiba. Waliozoea kujinyima walifanya kinyume: baada ya kunywa yale maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakupewa kitu. Walishaona sharti limevunjika, basi hawakuona tena cha kulinda. Uhamishie utafiti huo Mapendo. Kati ya Noeli na Bonane kuna siku sita, tarehe 26 hadi 31. Katika siku hizo kuna kiporo cha nyama, kuna sambusa kwa jirani, kuna ziara kwa baba mdogo na kwa wakwe, na kuna mtu anayejiambia kwamba kwa kuwa Noeli imemshinda, ataanza upya Januari. Ukikokotoa kalori 600 za ziada kwa kila moja ya siku hizo sita, unapata 3,600, zaidi ya ile ziada ya Noeli yenyewe, na hakuna hata moja iliyoliwa kwa furaha ya sikukuu. Kujinyima kupita kiasi siku ya karamu ndiko kunakozaa kujiachia kwa wiki nzima. Ndiyo maana namwambia anayejipunguza uzito ale Noeli, ale bila kujificha, na asijiwekee sharti ambalo anajua litavunjika kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Vinywaji ni habari nyingine, na hapo sina huruma. Chupa kubwa ya bia ya Primus ya sentilita 72 ina karibu kalori 300, sawa na donge zuri la bugali. Chupa ya fanta ya sentilita 33 ina sukari ya gramu 35 hivi. Tofauti na bugali, hizi hazimwambii mtu kwamba ameshiba. Mwaka 2000 watafiti DiMeglio na Mattes waliwapa watu kalori 450 za sukari kila siku kwa wiki nne, mara kwa njia ya peremende, mara kwa njia ya soda. Walipokula peremende, bila kujua walipunguza chakula kingine. Walipokunywa soda hawakupunguza chochote, na uzito ukaongezeka. Mwanamume anayekataa kijiko cha pili cha sombe ili alinde kiuno chake, kisha akanywa Primus tatu akingoja chakula kitoke, ameacha kalori 100 na kuchukua 900. Kasiksi nayo ina kilevi na sukari vilevile, hata ikiwa imetengenezwa nyumbani kwa ndizi za shambani. Kama kuna jambo moja la kukataa sikukuuni, ni chupa ya kabla ya chakula, wakati tumbo ni tupu na mazungumzo ni matamu. Kuikataa hakumuudhi aliyepika.

Kuna hoja nzito dhidi ya makala hii, na haifai kupitwa juu juu. Inasema kwamba kuzungumzia kula kupita kiasi hapa Goma ni kukosa adabu mbele ya wenye njaa. Mwaka 2025 watu wapatao milioni 28 nchini mwetu walihesabiwa kuwa katika uhaba mkali wa chakula. Tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifungwa na familia nyingi zilipoteza kipato, na zipo nyumba Mapendo ambako Noeli ni siku pekee ya nyama. Familia ya namna hiyo haina haja ya ushauri wa kupunguza uzito, ina haja ya amani na mshahara. Lakini hoja hiyo ikisimamishwa hapo inawaacha wagonjwa wetu wa kisukari bila neno, wakati njaa yenyewe huweza kuuandaa ugonjwa huo. Majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945 Uholanzi ya magharibi ilizingirwa na Wajerumani, posho ya chakula ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto waliokuwa tumboni wakati huo walipimwa walipofikia umri wa miaka 50, ikaonekana kwamba miili yao inashindwa kuidhibiti sukari ya damu vizuri kama ya wenzao. Mwili ulioumbwa ndani ya njaa hujiandaa kwa njaa, na shibe ikija baadaye inaudhuru. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013 na 2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao sasa ni vijana, na wengine wameshaanza kunenepa mjini. Mji uliopitia njaa una sababu zaidi ya kuiogopa sukari. Njaa na kisukari vinaweza kukaa nyumba moja, hata katika mwili wa mtu mmoja kwa nyakati tofauti.

Hoja ya pili ni ya heshima. Kwetu anayekonda huulizwa ana ugonjwa gani, na anayeacha chakula sahanini humtia mwenyeji simanzi. Nakubali, wala sitaki desturi hiyo ife. Kupakuliana chakula ni namna yetu ya kusema kwamba mwaka umekwisha na bado tupo. Lakini ushauri wa kula Noeli yako haugombani na desturi hiyo hata kidogo. Unachohitaji ni marekebisho madogo ya mpangilio. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019, yakiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham, yalikuta kwamba watu wakila na marafiki na jamaa hula hadi asilimia 48 zaidi ya wanavyokula peke yao, na mapitio mengine ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba sehemu na sahani kubwa humfanya mtu ale zaidi. Dawa yake si kula peke yako chumbani. Sufuria zirudi jikoni baada ya kupakua, sahani ziwe ndogo kidogo, na mazungumzo yahamie barazani. Mpishi naye akumbuke kwamba kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kalori 120. Sombe iliyojaa karanga inaweza kupoteza vijiko vitatu vya mafuta bila mlaji kutambua.

Mwenye kisukari asisome haya kama ruhusa. Kwake mlo mmoja una madhara ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo dawa zisirukwe, bugali uwe kidogo, na baada ya kula atembee. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, mwaka 2016 ulionyesha kwamba dakika kumi za kutembea baada ya kila mlo hupunguza sukari ya damu zaidi kuliko matembezi ya nusu saa yanayofanywa wakati wowote. Njia za Mapendo zina mawe ya volkano na usiku hazifai, lakini saa kumi na moja jioni bado ni mapema.

Kwa wengine linabaki jambo moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ uliwashirikisha watu 272. Waliojipima uzito mara kwa mara wakati wa sikukuu na kupewa maelezo mafupi walimaliza wakiwa na karibu nusu kilo pungufu kuliko wenzao. Asiye na mizani nyumbani anaweza kupima kwenye kituo cha afya kabla ya Noeli, kisha katikati ya Januari maji ya chumvi yakiwa yameshaondoka. Au apime kiuno kwa kamba ile ile. Tarehe 26 Desemba arudie chakula alichokuwa akila tarehe 23, na tarehe 2 Januari vivyo hivyo, bila kufunga na bila kujiadhibu. Na wewe mama unayepakua: shemeji yako akila sahani yake yote, akasifu sombe, kisha akaifunika sahani kwa mkono, mwachie. Ameshakula kwako.