Ndandalo: Matokeo yapo kiganjani, ukweli bado unasakwa

KUTOKA Ndandalo, wilayani Kyela, hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Shabiki wa huku akitaka kuiona Kariakoo Dabi kwa macho yake, anapanda basi Kyela mjini, anapasua Tukuyu, Uyole, Makambako, Iringa na Morogoro. Nauli yenyewe imetoka kwenye mpunga au kakao.

Kwa mtu kama huyo, swali la "mechi ipo au haipo?" siyo la kupiga soga. Ni swali la pesa.

Machi 8, 2025 swali hilo liliwatoa jasho mashabiki nchi nzima. Usiku wa kuamkia siku ya mchezo, Simba ilitoa taarifa kwamba haitacheza, ikisema ilizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho kwenye Uwanja wa Mkapa. Yanga nayo ikatoa ya kwake: mechi ipo palepale, na timu inakwenda uwanjani. Baadaye siku hiyohiyo, Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha mchezo.

Hapo ndipo panapochekesha na kuuma kwa pamoja. Taarifa zote tatu zilikuwa halali, zina nembo na zina mihuri. Ziliingia kwenye simu ndani ya saa chache, na aliyesoma moja tu alikuwa na uhakika kabisa na kitu ambacho hakikuwa kamili. Mechi ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda mabao 2-0. Kwa shabiki wa Kariakoo, usumbufu wa Machi ulikuwa nauli ya daladala. Kwa aliyetoka mikoani, ulikuwa siku mbili barabarani.

Siku hiyo habari hazikukosekana. Zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mtu kuzichambua, na hilo ndilo jambo jipya kwa soka la vijijini.

REDIO MOJA, MASIKIO HAMSINI

Zamani shida ilikuwa kinyume chake. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, mpira wa Dar ulifika Kyela kwa Redio Tanzania, na gazeti lilikuja kwa basi, likiwa limeshachelewa. Mwenye redio yenye betri nzima alikuwa mtu mkubwa kijijini. Alisogezewa kigoda, na watu wakamzunguka.

Mwaka 1979 ndio ushahidi wa enzi hizo. Simba ilichapwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers ya Zambia katika Klabu Bingwa Afrika. Hakuna aliyeipa nafasi kwenye marudiano. Simba ikaenda Zambia ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Fikiria habari kama hiyo inakufikia kwa sauti tu, bila picha, bila kurudia bao, bila mtu wa kumpigia simu kumuuliza "ni kweli, bwana?"

Lakini redio ilikuwa na jambo moja zuri: kila aliyesikia, alisikia kitu kilekile. Ubishi wa kesho yake ulikuwa juu ya nani alicheza vizuri. Haukuwa juu ya kama mechi ilichezwa.

KIBANDA UMIZA NA KISIMBUSI

Likaja dishi, na nyuma yake vibanda umiza. Benchi za mbao, turubai, jasho, na kiingilio kidogo mlangoni. Azam TV ilipoanza mwaka 2013, Ligi Kuu nayo ikaanza kuonekana kwa uhakika vijijini, na mwaka 2021 kampuni hiyo ikasaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Tangu hapo shabiki wa kando ya Ziwa Nyasa anaona bao sekunde ileile na wa Temeke.

Msimu wa 2013/14 ulinoga zaidi kwa watu wa Mbeya. Mbeya City ilipanda daraja na kumaliza nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza, nyuma ya Azam na Yanga, huku Simba ikiwa ya nne. Uwanja wa Sokoine ulifurika. Wakati huo taarifa za timu zilianza kutembea kwa namna mpya: simu ya mkononi, ujumbe mfupi, kisha makundi ya WhatsApp.

Leo kijana wa bodaboda pale kijiweni anajua kikosi kabla mtangazaji hajakisoma. Bando la kutwa linamtosha. Mwenye kitochi anamtegemea mwenye simu janja, kama vile zamani walivyomtegemea mwenye redio. Na mzee asiyependa kuandika kwa kidole naye hajaachwa: tangu mwaka 2017 Google inapokea maneno ya Kiswahili kwa sauti. Mzee anaisogeza simu mdomoni, anauliza, anajibiwa.

ZAMANI ULICHAGUA, SASA UNACHAGULIWA

Mabadiliko makubwa zaidi ni ya juzi tu. Kwa zaidi ya miaka 20, kutafuta habari mtandaoni kulikuwa na hatua mbili. Unaandika swali, unapewa orodha ya kurasa, halafu wewe mwenyewe unachagua ufungue ipi. Unaona hili ni gazeti, hii ni klabu, huyu ni mtu tu na maneno yake.

Kisha ikaja akili mnemba. ChatGPT ilizinduliwa Novemba 30, 2022, na Google nayo ikaanza kuweka jibu lililokwisha kuandaliwa juu ya orodha yake. Sasa shabiki anauliza kwa Kiswahili na anapata aya nzima iliyonyooka, yenye adabu na isiyo na kigugumizi. Ile hatua ya kuchagua imefanywa na mashine.

Utamu wake haukataliki. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Yanga ilikosa Kombe la Shirikisho mwaka 2023, licha ya kushinda 1-0 Algiers, anaelezwa kwa dakika moja: USM Alger ilikuwa imeshinda 2-1 Dar, jumla ikawa 2-2, na bao la ugenini likaamua. Hapo zamani ungebishana wiki nzima.

Tatizo ni namna jibu linavyotengenezwa. Programu hizi zimejifunza kutoka kwenye maandishi mengi, na hujenga jibu neno baada ya neno kwa kukadiria linalofuata. Nyingine huchungulia mtandaoni kwanza, nyingine hutegemea zilichojifunza zamani. Pale maandishi yanapokuwa mengi, kama kwa Ligi Kuu ya England, makadirio hukaribia ukweli. Pale yanapokuwa machache, mashine inaweza kujaza pengo kwa kitu kinachofanana na ukweli. Jibu la uongo huja na sauti ileile ya jibu la kweli, na hapo ndipo mtu anapoingizwa mkenge.

Kwa wanaobeti, pengo hilo ni mkeka kuchanika. Mashine inaweza kueleza rekodi za timu mbili zilivyo, lakini haijui kama kipa ameumia nyonga mazoezini asubuhi ya leo na hakuna aliyeandika. Anayeuliza "nani atashinda kesho?" anauliza kitu ambacho hakipo popote.

Na kuna feki za makusudi. Barua ya klabu yenye nembo na saini sasa inatengenezwa kwa simu. Picha ya mchezaji akiwa na jezi ya timu ambayo hajawahi kuikanyaga inatengenezwa kwa sentensi moja. Dirisha la usajili likifunguliwa, makundi ya WhatsApp yanageuka soko la samaki.

BINGWA WA MSTARI MMOJA

Anayetaka kupima uwezo wa teknolojia hii asihangaike na Messi. Aiulize habari za jirani, Tukuyu Stars.

Timu hiyo ya Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, ikiwaacha wakubwa wa Kariakoo hoi. Ni moja ya hadithi kubwa kabisa za soka la nchi hii. Mtandaoni, kwenye orodha za mabingwa, inaonekana kama mstari mmoja: mwaka, jina la timu, basi. Nani alifunga mechi ipi, uwanja ulijaaje, safari za ugenini zilikuwaje, mengi ya hayo yamo kwenye magazeti ya zamani yaliyofungwa makabati na vichwani mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Mashine haiwezi kusoma kichwa cha mzee. Mtoto wa leo akiuliza na kukosa, ataamini hakukuwa na kitu.

Teua sasa mfano wa karibu zaidi: ligi ya kata. Katika vijiji vya Kyela, kama kwingine nchini, matokeo ya michuano ya ngazi ya chini huandikwa na katibu kwenye daftari la mistari. Wafungaji, kadi, wachezaji waliosajiliwa, vyote vimo humo. Mvua ikilowesha daftari, na Kyela mvua siyo mgeni, msimu mzima umekwenda na maji.

KIJANA ASIYETAFUTIKA

Hili siyo suala la kumbukumbu tu. Ni ajira ya mtu.

Mbwana Samatta alionekana na TP Mazembe mwaka 2011 kwa sababu Simba ilikutana nayo uso kwa uso katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Viongozi wa Mazembe walimuona kwa macho. Kutoka Lubumbashi akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Januari 2020 akatua Aston Villa.

Njia hiyo bado ipo, lakini siku hizi wasaka vipaji huanza na skrini. Kampuni kama Wyscout, iliyoanzishwa Italia mwaka 2004, zinauza video na takwimu za wachezaji wa ligi nyingi duniani. Klabu inatafuta beki wa kushoto mwenye miaka 19, inachuja, inapata majina. Asiye na video wala takwimu hachujwi, kwa sababu hayumo. Beki wa kushoto wa Ndandalo anaweza kuwa bora kuliko wote waliotokea kwenye orodha, na hakuna atakayejua.

Ndiyo maana ukuaji wa teknolojia unaweza kumsogeza kijana wa Kyela karibu na Ulaya, au ukamfuta kabisa. Inategemea kama kuna aliyeandika jina lake.

Na hapo kazi inaweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Daftari la katibu lipigwe picha kila baada ya mechi na kutunzwa sehemu mbili. Matokeo yaandikwe kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, siyo kuishia kwenye kundi la WhatsApp ambako kesho yake yatazikwa na vichekesho. Tarehe iwepo, uwanja uwepo, majina kamili yawepo. Simu moja iliyowekwa juu ya mti wa goli inatosha kurekodi dakika 90, alimradi chaji isikate.

Kwa upande wa msomaji, kanuni ni ya kijiweni tu: ukiambiwa, uliza nani kasema na lini kasema. Kama ni kuahirishwa kwa mechi, mwenye neno ni Bodi ya Ligi. Kama ni usajili, ni klabu kwenye kurasa zake rasmi. Kama ni jibu la akili mnemba, libane litaje lilikotoka, ukaufungue huo ukurasa mwenyewe. Likishindwa kutaja, lihesabu kama maneno ya jamaa aliyepita na pikipiki akipiga kelele "tumeshinda!" bila kusema nani.

Wazee wa Rungwe waliobaki wanajua kikosi cha 1986 jina kwa jina. Vijana wa Ndandalo wana simu zenye kamera na kinasa sauti. Kilichobaki ni kuwakalisha benchi moja, Jumapili moja, kabla ya mpira wa jioni haujaanza.