Kihisi cha dira kifungwe wapi kwenye ndege ndogo

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko ndani ya mji, na mkazi wa Chang'ombe amezizoea ndege ndogo zinazopita juu ya mabati. Nyingi sasa zina skrini mbele ya rubani. Skrini humwonyesha pua ya ndege imeelekea wapi, na habari hiyo hutoka kwenye kihisi cha sumaku, kidude kinachoenea kiganjani. Mafundi wengine hukifunga popote penye nafasi, wakiamini programu itasahihisha makosa. Imani hiyo ni ya hatari.

Usumaku wa dunia ni dhaifu mno. Hapa Dodoma nguvu yake ni takriban nanotesla 33,000, na sehemu iliyo sambamba na ardhi, ile inayotuonyesha kaskazini, ni kama 27,000. London sehemu hiyo haifiki 20,000, kwa hiyo sisi tuna nafuu. Lakini nafuu hiyo humalizwa na waya mmoja tu. Chukua taa ya kutua ya wati 100 kwenye umeme wa volti 14: inavuta ampia 7 hivi. Waya wake ukipita nusu mita kutoka kwenye kihisi, nao ukirudisha umeme kupitia bodi la ndege kama ilivyo kwenye ndege nyingi za alumini, huzalisha nanotesla 2,800. Hizo zikikipiga kihisi kwa ubavu, dira hudanganya kwa digrii 6. Rubani anayekwenda Tabora, kilomita 345 kutoka hapa, akiufuata uongo huo bila msaada mwingine atapotoka kwa kilomita 36. GPS itamwambia anakokwenda; haimwambii pua imetazama wapi, na upepo wa ubavuni hutofautisha mambo hayo mawili.

Taa hiyo ikizimwa, kosa linatoweka. Ndiyo maana programu haiwezi kulisahihisha. Chuma kisichohama, chenye usumaku wa kudumu, hupimwa kwa kuizungusha ndege uwanjani, kisha athari yake ikatolewa. Kinachowaka na kuzimika, au kusogea, hakitolewi kwa hesabu. Dawa yake ni umbali, na waya wa kwenda na wa kurudi kusokotwa pamoja ili usumaku wao ufutane.

Basi kifungwe wapi? Mbele hapafai: kuna injini ya chuma, magneto zenye sumaku ndani yake, alteneta na stata. Ndani ya kabini kuna redio, spika, na simu za abiria. Mkiani panavutia kwa kuwa mbali na injini, lakini Cessna 182 nyingi huweka betri huko nyuma, na nyaya za chuma za usukani hupita humo humo. Kwenye Super Cub, ndege inayojulikana sana kwa doria za hifadhi, kiunzi cha bodi ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, na uchomeleaji huacha usumaku. Kwa maoni yangu bawa ndilo linaloshinda karibu kila mara: kuelekea nchani, kupita mota ya flapu na ile ya otopailoti, lakini kabla ya kuzifikia taa za nchani. Mota peke yake huhitaji umbali wa karibu mita 3.

Kibebeo kiwe imara, na skrubu ziwe za shaba au alumini. Bisibisi yenye sumaku isikaribie. Kihisi kilale sawa na ndege, si sawa na bawa, kwa maana bawa la Cessna huinuka kidogo kuelekea nchani. Kwetu mistari ya usumaku huinama takriban digrii 35, hivyo kihisi kilichopinda digrii 3 kinaweza kuleta kosa la digrii 2.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, kihisi kibandikwe kwa muda mahali palipochaguliwa. Injini iwake, kisha kila kitu kiwashwe kimoja kimoja: taa, flapu, hita ya bomba la pito, redio ikirusha sauti. Usukani nao ugeuzwe hadi mwisho, kushoto na kulia. Namba ikiyumba kwa digrii mbili, pahali pabadilishwe. Kazi hii ifanyike mbali na hanga, magari na zege lenye nondo.

Dira ya kioevu, ile ya kawaida isiyotegemea umeme, nayo ibaki mahali pake na kadi yake ya makosa. Kabla ya kuandikwa upya mwaka 2017, kanuni za Marekani kwa ndege ndogo zilitaka kosa lake lisizidi digrii 10, na vipimo viandikwe kwa kila digrii 30.

Mwenye ndege anayeongeza taa au mota mpya bawani, amtake fundi mwenye leseni apime dira upya kabla ya kuitia saini kazi hiyo.