Mzigo huvuka bila shahada, mwenye mzigo je?

Namanga. Matokeo ya mitihani ya sekondari yanapotangazwa, mjadala mmoja huzuka katika nyumba nyingi za wafanyabiashara wa mpakani: fedha iliyopo ilipe ada ya chuo kikuu, au iongezwe kwenye mtaji ili kijana aanze kuvusha mzigo wake mwenyewe?

Kwa mama anayevusha vitunguu Namanga au baba anayeuza mchele Mutukula, hilo si swali la darasani. Ada ya miaka mitatu ni mtaji uliotolewa kwenye mzunguko, na hakuna anayemhakikishia kwamba utarudi.

Wanaoitetea biashara hupenda kumtaja Said Salim Bakhresa. Aliacha shule akiwa kijana mdogo, akaanza na biashara ndogo ya chakula Zanzibar. Leo unga wa Azam unajulikana Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wanaoitetea shule nao wana hayati Reginald Mengi, aliyesomea uhasibu Uingereza na kufanya kazi katika kampuni ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu kabla ya kuanza kuunganisha kalamu na kuijenga IPP.

Mifano hiyo miwili haimalizi ubishi. Kwa kila aliyeacha shule akatajirika, wapo wengi walioacha shule na bado wako kwenye kibanda kilekile. Na wapo wenye shahada wanaosubiri kazi nyumbani kwa wazazi waliouza mali kuwasomesha.

Jibu lenye manufaa zaidi liko kwenye taratibu za mpaka wenyewe, kwa sababu mpaka hauitazami bidhaa kwa jicho lile unalomtazamia mtu.

Bidhaa haiulizwi shule. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, thamani yake isizidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapohapo mpakani na hatozwi ushuru wa forodha. Kinachotakiwa ni kujaza fomu sawasawa na kujua orodha inasema nini. Aliyeishia darasa la saba na msomi wa chuo kikuu husimama kwenye foleni moja.

Kijana akitaka kuingia kwenye uwakala wa forodha, elimu huanza kudaiwa, ila bado si shahada. Kuna cheti cha forodha na uwakala wa mizigo cha Afrika Mashariki, ambacho mawakala wanakiita EACFFPC. Kinaandaliwa na mamlaka za mapato pamoja na vyama vya mawakala, na nchini Tanzania hufundishwa katika Chuo cha Kodi. Ni mafunzo ya miezi, si miaka, na anayehitimu husoma sheria ileile ya forodha inayotumika katika Jumuiya.

Hesabu hubadilika pale mwenye mzigo anapotaka kuvuka yeye mwenyewe, akaishi na kufanya kazi upande wa pili. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliruhusu wafanyakazi kuhama, lakini kila nchi ilitaja kada ilizokubali kuzifungulia mlango, na wataalamu kama walimu na wahandisi wamepewa nafasi kubwa. Mwaka 2011 wahasibu na wasanifu majengo walisaini makubaliano ya kutambuana, na mwaka 2012 wahandisi wakafuata. Muuza nguo hana makubaliano ya namna hiyo.

Upande wa biashara ndogo, mlango unaweza hata kufungwa. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayozuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uuzaji wa rejareja, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Aliyekuwa na ujuzi huo tu, bila taaluma nyingine, alibakiwa na njia ya kurudi kwao.

Hata hivyo, si kila shahada inavuka. Mhandisi huvuka kwa sababu amesajiliwa na bodi ya taaluma yake. Shahada isiyo na bodi wala makubaliano humwacha mwenyewe akibishana na ofisi ya vibali kama mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo, kabla ya mzazi kutoa mtaji, maswali ni matatu. Je, kijana anataka kuvusha mzigo, au kuvuka yeye? Kama ni yeye, taaluma anayoitaka imo kwenye makubaliano ya nchi jirani? Na chuo anachokwenda kinatambuliwa na mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi hiyo?

Fundi ambaye hakusoma naye ana njia. Nchini Tanzania, VETA huupima ujuzi uliopatikana kazini na kumpa mwenye nao cheti.

Mama wa vitunguu hahitaji shahada ili kesho avushe magunia yake. Lakini binti yake akitaka kuwa mhasibu Nairobi au Kampala, magunia hayo hayatamjibia maswali ofisi ya vibali.