Mchicha Wakati wa Kaskazi



Januari na Februari ndiyo miezi ambayo mkulima wa karafuu hapa Pemba huuona mfuko wake mwepesi. Majamvi ya kuanikia yamekunjwa, fedha za mavuno zimekwenda kwenye madeni na nguo za watoto, na masika bado. Hapo humwona mtu mwenye mikarafuu mia akishika njia ya sokoni kununua fungu la mchicha. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu, maana fungu hilo nasi tumelinunua.

Mwenye kutaka kupanda na ahisabu maji kabla ya kuhisabu matuta. Tuta la upana wa hatua 1 na urefu wa hatua 6 hunywa kiasi cha debe 1 na nusu kwa siku katika jua kali. Basi awezaye kuteka madebe 6 asizidishe matuta 4. Na kisima cha mtaa ni cha maji ya kunywa na kupikia kwanza. Kina mama wasingojeshwe foleni kwa ajili ya mchicha wa mtu mmoja. Afadhali kuchimba kisima kifupi kando ya bonde la mpunga, ambako maji hayako mbali. Walio karibu na pwani wayaonje maji yao, kwani kisima kikitekwa sana wakati wa kaskazi huweza kuingia chumvi, na ncha za majani huungua.

Tumesema tuta, lakini kwa kweli kuinua tuta ni kazi ya masika. Wakati huu fukua udongo kina cha vidole vinne, uweke ukingo pembeni, maji yapate kutulia.

Ama samadi, hapo wengi hukosea, na sisi tumo. Mwaka jana tuliitoa zizini mbichi tukaifukia siku ile ile. Mchicha uliota vizuri, kisha ukageuka manjano ukafa kwa moto wa samadi, na magugu aliyoyala ng'ombe yakastawi mahali pake. Samadi hurundikwa kivulini, ikafunikwa makuti, ikanyunyizwa maji na kugeuzwa kila wiki 2, kwa muda wa miezi 3. Ikiwa tayari haina harufu wala joto, na husagika mkononi kama udongo. Maana yake ni kwamba mchicha wa Januari huanza Oktoba, wakati kila mtu yumo mikarafuuni na hakuna anayelikumbuka zizi. Rundo lianzwe sasa.

Tuta moja latosha madebe 2, yachanganywe na udongo. Mbichi isimwagwe kabisa juu ya majani, kwa kuwa huleta maradhi ya tumbo.

Mbegu ni ndogo mno, basi zichanganywe na mchanga mkavu, zimwagwe kwa mistari na kufunikwa udongo mwembamba. Tandika majani makavu juu, uyaondoe zikiota. Nyunyiza asubuhi na jioni kwa kopo lililotobolewa. Baada ya wiki 3 au 4 waweza kuchuma. Usiung'oe, ukate kwa kisu uache vidole vinne, nao utachipua tena.

Mwenye mbegu zilizomzidi tunamwomba amletee Katibu, zigawiwe wasio nazo.